Asilimia 70 ya Shingoni

Kuna namba moja ninayoiandika karibu kila siku kazini, na sijui nyingine inayoeleweka vibaya kama hiyo. Ni asilimia inayokaa mwishoni mwa ripoti ya altrasaundi ya mishipa ya shingo. Mgonjwa anasoma "mshipa wa kushoto umebanwa kwa asilimia 70", na kabla hajaufikia mlango sentensi imeshageuka kichwani mwake: uwezekano wangu wa kupata kiharusi ni asilimia 70. Nimeona watu wakianza kuzungumzia urithi kwa sababu yake.

Mwalimu mmoja mstaafu, mama mtulivu ambaye hakuwahi kuwa na dalili yoyote, alisoma karatasi yake huku bado anajifuta jeli shingoni. Akaniuliza kama ni salama atoke mwenyewe au nimwite mwanawe amshike mkono.

"Maana naona imebaki thelathini tu, daktari."

Mimi si daktari. Kazi yangu ni kupiga picha, kupima, na kueleza nilichokiona ili daktari aamue. Lakini ukivaa koti jeupe utaitwa daktari upende usipende, na nilishaacha kubishana. Nilivuta kiti nikakaa.

Nilimweleza kwamba asilimia ile inazungumzia upana wa njia. Tunachukua sehemu finyu kuliko zote, tunailinganisha na mshipa huohuo pale juu ulipo mzima, basi. Yenyewe haisemi lolote kuhusu kesho. Mtu asiye na dalili, mwenye mbano kama wake, anayemeza dawa zake na kudhibiti presha, ana uwezekano wa kupata kiharusi kutoka mshipa huo wa kama mtu 1 au 2 kati ya 100 kwa mwaka. Si jambo la kupuuza, lakini si sababu ya kushikwa mkono kutoka chumbani kwangu.

Sasa chukua mbano uleule, uuhamishie kwa mtu ambaye wiki iliyopita mkono wake ulilegea kwa dakika kumi kisha ukarudi. Utafiti mkubwa wa Amerika Kaskazini uliochapishwa 1991 uliwafuatilia watu wa namna hiyo: mshipa umebanwa kati ya asilimia 70 na 99, na dalili zimeshatokea siku za karibuni. Waliopewa dawa peke yake, 26 kati ya kila 100 walipata kiharusi cha upande huo ndani ya miaka miwili. Waliofanyiwa upasuaji wa kusafisha mshipa walikuwa 9. Dawa za wakati ule hazikuwa kama za leo, kwa hiyo namba hizo zisibebwe zilivyo hadi sasa, lakini pengo kati ya mtu huyu na yule mwalimu bado lipo, na ni kubwa.

Ukiniwekea picha za hao wawili mezani, zimefunikwa majina, huenda nisiweze kukuambia ipi ni ya nani. Kinachowatenganisha ni swali, na swali linaulizwa kwa mdomo.

Ndiyo maana huwa nauliza kabla sijapaka jeli. Fomu ya rufaa inakuja na neno moja au mawili, mara nyingi "kizunguzungu" au "alizimia", na ukweli ni kwamba mishipa ya mbele ya shingo ni nadra kuleta kizunguzungu kitupu au kuzimia. Watu huletwa kwa dalili isiyohusika, na ile inayohusika wameiacha nyumbani kwa sababu ilipita yenyewe.

Mzee mmoja alikuja hivyo. Fomu ilisema kizunguzungu. Nikamuuliza kama mkono au mguu umewahi kulegea, akasema hapana. Maneno kukwama? Hapana. Jicho?

"Jicho ni miwani tu, mwanangu."

Miwani imefanyaje, mzee?

Ndipo akasimulia kwamba jicho la kulia lilikuwa limefunga kama pazia linaloshushwa kutoka juu, likakaa hivyo dakika chache, kisha likafunguka. Mara mbili. Alikuwa amepanga kwenda kubadilisha lenzi mwisho wa mwezi.

Hapa pana jambo ambalo wagonjwa wengi hulikosea, na si kosa lao. Ateri ya kulia ya shingo hulisha jicho la kulia, upande uleule. Lakini pia hulisha nusu ya kulia ya ubongo, inayoendesha mkono na mguu wa kushoto. Kwa hiyo mshipa mmoja unaweza kuzima jicho la upande wake na kulegeza mkono wa upande wa pili. Mtu anayeona jicho la kulia likizima na wiki nyingine mkono wa kushoto ukifa ganzi anadhani ana magonjwa mawili.

Nilipoweka kifaa shingoni mwake, upande wa kulia, mbano ulikuwa kati ya asilimia 50 na 69. Kwa namba tupu alikuwa na afadhali kuliko mwalimu wangu. Lakini plaki, yaani yale mafuta na uchafu uliojijenga ndani ya ukuta wa ateri, ilikuwa nyeusi kwenye skrini, na uso wake ulikuwa na kishimo ambamo damu ilikuwa inaingia na kuzunguka. Nilimpigia simu daktari aliyemtuma kabla mzee hajafunga vifungo vya shati. Hatari baada ya kiharusi cha mpito, yaani dalili zinazokuja na kupita zenyewe kama zile za jicho lake, hujazana katika siku za mwanzo, na uchambuzi uliochapishwa 2004 na Peter Rothwell wa Oxford na wenzake ulionyesha kwamba faida ya upasuaji ni kubwa ukifanywa ndani ya wiki mbili tangu dalili ya mwisho, kisha hupungua haraka. Mzee alipasuliwa ndani ya muda huo. Kizunguzungu chake, kwa taarifa yenu, kilikuwa cha sikio la ndani na kilikuwepo hata baada ya upasuaji.

Nirudi kwenye namba yenyewe, kwa sababu hata ninyi mnaoisoma vizuri mnastahili kujua inavyopikwa.

Watu wengi hudhani tunachukua rula na kupima tundu. Mara nyingi tunachopima ni mwendo wa damu. Ukibana mdomo wa mpira wa maji kwa kidole gumba, maji hutoka kwa kasi zaidi. Ateri iliyobanwa hufanya vivyo hivyo. Kifaa hutuma mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, yanagonga chembe nyekundu za damu zinazokimbia, yanarudi yakiwa yamebadilika, na mashine inayageuza mabadiliko hayo kuwa sentimita kwa sekunde. Kanuni hiyo ni ya Christian Doppler, aliyeieleza mwaka 1842 akiwaza rangi za nyota, wala si shingo za watu.

Ukifika kwangu nitakulaza chali, kidevu juu kidogo, uso umegeukia upande wa pili. Ateri ya karotidi, ndiyo mshipa ninaoupima, hupanda kila upande wa shingo ikiwa moja, kisha karibu na usawa wa kongomeo hugawanyika panda: tawi la ndani linaenda kwenye ubongo, la nje linaenda usoni na kichwani. Matatizo hukaa hapo kwenye panda. Damu ikifika pale haiendi moja kwa moja. Sehemu yake hujipinda, hupunguza mwendo na kurudi nyuma kando ya ukuta, na ukuta unaopitiwa na damu ya kusuasua ndio unaopokea mafuta.

Kazi ya kwanza ni kujua tawi lipi ni lipi, maana kubanwa kwa la nje ni jambo dogo sana. Nagonga kwa kidole mbele ya sikio lako, taratibu. Nikiona alama za mapigo hayo ya kidole kwenye grafu, nipo kwenye tawi la nje. Halafu nasikiliza. Ubongo hunywa damu bila kupumzika, hata moyo unapokuwa katikati ya pigo na pigo, kwa hiyo tawi la ndani lina sauti ndefu isiyokatika. La nje linasikika kwa vishindo, likinyamaza katikati. Baada ya miaka ya kazi hii nayatambua kwa sikio hata kabla ya kutazama skrini, na wagonjwa hushtuka wakisikia. Wengi wanadhani ule upepo ni ugonjwa.

Jopo la wataalamu wa radiolojia wa Marekani liliweka viwango vilivyochapishwa 2003, na vimeenea kote. Damu ikipita kwenye tawi la ndani kwa kasi ya juu isiyofika sentimita 125 kwa sekunde, mbano ni chini ya asilimia 50. Kati ya 125 na 230, tunasema 50 hadi 69. Ikivuka 230, ni 70 au zaidi. Kwa hiyo asilimia 70 ile aliyoisoma mwalimu hakuna aliyeiona kwa macho. Imekisiwa kutokana na mwendo, ikathibitishwa kwa kutazama plaki, na inakuja kwa mafungu, si kwa namba kamili. Anayeandika "asilimia 73" kwa altrasaundi anajivunia usahihi ambao mashine haina.

Na mwendo una hila zake. Mawimbi yakikutana na mkondo wa damu kwa pembe inayozidi nyuzi 60, kosa dogo la mkono hubadilisha kasi inayosomeka kwa kiasi kikubwa. Mshipa wa upande mmoja ukiwa umeziba, ule wa pili hubeba kazi ya wote wawili, damu inakimbia humo, na mshipa ulio mzima kabisa unaweza kuonekana umebanwa. Chokaa kwenye ukuta hutupa kivuli cheusi kinachoficha kila kilicho nyuma yake. Lakini hila mbaya kuliko zote ni ya mshipa unaokaribia kuziba. Hapo damu inayopita ni kidogo mno kiasi kwamba kasi hushuka, na anayetazama namba peke yake ataona kitu cha kawaida. Wanafunzi wakija nawaambia watazame kwanza umbo la mshipa na rangi ambazo mashine huipaka damu inayotembea, namba iwe ya mwisho. Hawapendi. Namba inaandikika, umbo linahitaji maelezo.

Isitoshe, asilimia haina maana moja duniani. Watafiti wa Amerika Kaskazini waligawanya kwa upana wa mshipa mzima ulio juu ya panda. Wenzao wa Ulaya waligawanya kwa upana ambao sehemu ileile ingekuwa nao kama plaki isingekuwepo, na hapo kwenye panda mshipa kwa asili ni mpana zaidi. Matokeo yake, mshipa uleule unaoitwa 50 kwa njia ya kwanza hukaribia 70 au 75 kwa njia ya pili. Nimekutana na familia iliyoamini baba yao amezidiwa ghafla ndani ya mwezi mmoja, kumbe vituo viwili vilitumia hesabu mbili, na hakuna kilichoandika ni ipi.

Zamani hata kuipata namba hiyo kulikuwa na gharama ya mwili. Egas Moniz alianza kupiga picha za mishipa ya ubongo Lisbon mwaka 1927 kwa kuchoma ateri ya shingo na kuingiza dawa inayoonekana kwa eksirei. Baadaye wakatumia mrija unaopitishwa kutoka kwenye paja. Katika utafiti mmoja wa watu wasio na dalili, ambao majibu yake yalitoka 1995, takriban mtu 1 kati ya 100 waliopigwa picha kwa mrija alipata kiharusi kutokana na picha yenyewe. Naipenda altrasaundi kwa mengi, lakini hili lingenitosha.

Turudi kwenye rangi. Ile plaki nyeusi ya mzee wa miwani ndiyo sehemu ya kazi yangu inayonifurahisha zaidi, kwa sababu hapo picha inaanza kusema kitu kinachokaribia utabiri. Plaki ngumu, yenye nyuzi na chokaa, hurudisha mawimbi na kuonekana nyeupe. Yenye mafuta mengi laini au damu iliyovuja ndani yake huonekana nyeusi, wakati mwingine nyeusi kiasi cha kufanana na damu inayopita, na ni rangi za dopla tu zinazoionyesha kwa kuikwepa. Nyeusi ndizo zinazotisha. Kiharusi cha karotidi kwa kawaida hakitokani na mshipa kufunga taratibu hadi damu iishe. Kinatokana na ngozi nyembamba iliyofunika mafuta kupasuka, damu ikaganda juu ya kidonda, na kipande kikang'oka kwenda juu kuziba mshipa mdogo ndani ya ubongo. Plaki ya asilimia 50 inayopasuka inaweza kumlaza mtu, na ya asilimia 80 iliyokakamaa ikakaa miaka bila neno.

MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku, inaona zaidi yetu hapa. Ina namna ya kupiga picha ambayo damu iliyovuja ndani ya plaki hung'aa, na mwenye damu hiyo ana hatari iliyozidi mara kadhaa ya mwenye mbano kama wake asiye nayo. Inaweza pia kuonyesha kama kile kifuniko ni kinene, chembamba au kimechanika. CT ya mishipa, yaani picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, ni ya haraka, inaonyesha njia yote kutoka moyoni hadi ndani ya fuvu na inaona chokaa vizuri, lakini inahitaji dawa yenye ayodini, ambayo mwenye figo dhaifu hapewi bila kufikiriwa. Daktari akikutuma kipimo cha pili baada ya changu, usidhani cha kwanza kiliharibika. Kila mashine inajibu swali tofauti.

Halafu kuna asilimia 100. Mama mmoja alikuwa anaandaliwa kwa upasuaji wa moyo, na shingo hukaguliwa mara nyingi kabla ya hapo. Tawi la ndani la kushoto lilikuwa limeziba kabisa. Hakuna rangi, hakuna sauti. Nilirudia mara kadhaa, nikapunguza kipimo cha kasi hadi chini kabisa nikitafuta hata uzi wa damu, maana kati ya mshipa uliofunga na unaokaribia kufunga kuna tofauti inayobadilisha matibabu yote. Ulikuwa umefunga. Mama mwenyewe alikuwa ananihadithia wajukuu.

Chini ya ubongo ateri zimeunganishwa katika duara ambalo Thomas Willis alilieleza mwaka 1664. Mshipa mmoja ukifunga polepole, mingine hupitisha damu kwa mlango huo, na mtu anaweza asijue kamwe. Si kila mtu ana duara kamili. Kwa wengi kipande kimoja au viwili ni vyembamba au havipo. Yeye alibahatika. Na mshipa uliofunga kabisa kwa kawaida haufunguliwi, kwa hiyo wanawe, waliokuja wakidai afanyiwe haraka, ilibidi waelezwe na daktari kwamba asilimia 100 haina operesheni huku 70 ikiwa nayo. Mantiki hiyo haiingii kirahisi, na sikuwalaumu.

Kuna kipindi soko lilivamia kazi hii. Kampuni moja ilikuwa inapita maofisini na mashine ya kubeba mkononi, inapima shingo za watu wazima wasio na shida yoyote, na kuwapa cheti chenye "umri wa mishipa yako". Walichokuwa wanapima ni unene wa tabaka mbili za ndani za ukuta wa ateri, ambao kwa kawaida haufiki milimita 1. Unene huo una uhusiano na umri na presha, hilo ni kweli. Lakini uchambuzi uliochapishwa 2012, uliojumlisha watu zaidi ya 45,000, ulionyesha kwamba ukishajua umri, presha, kolesteroli, sigara na kisukari, kuongeza unene hakuboreshi utabiri kwa kiasi cha maana. Mwaka uliofuata mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani ukasema usipimwe kama desturi. Plaki yenyewe, ikiwepo, inasema zaidi kuliko unene.

Hata kutafuta mbano kwa kila mtu asiye na dalili hakushauriwi. Jopo la Marekani linalopima faida na madhara ya uchunguzi wa kinga lilisema hivyo 2014, likarudia 2021. Watu huona ajabu: kipimo hakiumi, hakina mionzi, kwa nini kinakatazwa? Kwa sababu kipimo hakiishii kwenye kipimo. Mbano mkubwa ni nadra kwa watu wa kawaida, kwa hiyo kati ya watakaoambiwa wanao, wengi watakuwa hawana. Wataenda kwenye vipimo vingine, wengine watafika kwenye upasuaji, na upasuaji wa karotidi wenyewe unaweza kuleta kiharusi au kifo kwa watu kama 2 au 3 kati ya 100. Katika ule utafiti wa 1995, upasuaji ulishusha hatari ya miaka mitano kutoka 11 hadi 5 kati ya 100, na waliopasua walikuwa mabingwa waliochaguliwa. Tangu hapo statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, na dawa za presha zimeishusha ile 11 yenyewe, na faida ya kisu imezidi kuwa nyembamba.

Haina maana kwamba mtu asiye na dalili hapimwi kamwe. Akiwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo au ya miguu, au daktari akisikia mvumo shingoni kwa stetoskopu, mazungumzo yanabadilika. Ila mvumo nao una udanganyifu: wapo wenye mvumo na mshipa safi, na wapo walioziba kabisa ambao ni kimya kwa sababu hakuna kinachopita.

Upande wa pili wa mkanganyiko huu uliniumiza zaidi. Binti mmoja alikuja ameshika ripoti niliyoiandika miezi kadhaa nyuma. Shingo ya baba yake ilikuwa safi pande zote mbili. Baba alikuwa wodini, upande wa kulia umepooza, hasemi.

"Uliandika yuko sawa."

Niliisoma tena mbele yake. Ilikuwa imeandikwa kwamba mishipa ya karotidi haina mbano, na ilikuwa kweli. Walipompiga CT ya mishipa baada ya kiharusi waliikuta vilevile. Donge lilitoka moyoni, kwa mapigo yasiyo na mpangilio ambayo hakuna aliyeyajua. Viharusi vingi ni vya mshipa kuziba na si vya damu kumwagika, na katika hivyo vya kuziba, karotidi ya shingoni husababisha takriban 10 hadi 15 kati ya 100. Vingine ni vya moyo, vya vijishipa vidogo ndani ya ubongo vilivyoharibiwa na presha na kisukari, na vingine chanzo hakipatikani. Shingo safi ni habari njema kuhusu shingo.

Sikumwambia takwimu hizo siku ile. Nilimweleza tu picha iliangalia wapi na haikuangalia wapi, akasikiliza, akaondoka bado ana hasira. Tangu hapo kila ripoti yangu safi ina mstari wa ziada unaosema uchunguzi huu haukuhusisha moyo wala mishipa ya ndani ya fuvu. Bosi wangu aliona ni maneno mengi. Umebaki.

Kuna matumizi mengine ya picha ambayo sikuyafundishwa chuoni. Katika eneo la Västerbotten nchini Sweden, watafiti waliwapima shingo watu zaidi ya 3,500 wenye umri wa kati, kisha wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu walipelekewa, wao na madaktari wao, mchoro wa rangi wa hali ya mishipa yao. Nusu nyingine hawakuonyeshwa. Matokeo yalichapishwa 2019: baada ya mwaka mmoja, hesabu ya hatari ya moyo na mishipa ilikuwa chini kwa walioona. Ni tofauti ndogo kwa mtu mmoja mmoja, lakini haikuhitaji dawa mpya, ilihitaji kuonyeshwa.

Niliposoma hilo nilianza kugeuza skrini, kwa wanaotaka. Si wote wanaotaka. Mmoja aliyetaka ni dereva wa masafa marefu, mvutaji wa sigara wa miaka mingi, aliyekuwa ameandikiwa statini akaziacha kwa sababu hakusikia tofauti yoyote. Kolesteroli haimuumi mtu. Nilimwonyesha plaki yake, mbano wa chini ya 50, nyeusi, imekaa kwenye panda. Alitazama muda mrefu, akauliza kama hiyo inayocheza ni damu yake sasa hivi. Nikamwambia ndiyo, sasa hivi.

Aliporudi baada ya mwaka alikuwa ameacha sigara na anameza vidonge kila usiku. Alilala kitandani kama mtu anayesubiri zawadi. Nilipima, nikarudia, nikamwambia: chini ya 50, kama mwaka jana.

"Mwaka mzima, dada! Ileile?"

Nilifungua picha ya zamani, nikaiweka kando ya mpya. Plaki ilikuwa na ukubwa uleule kwa macho, lakini weusi ulikuwa umepungua, na sehemu kubwa ilikuwa imegeuka kijivu kinachoelekea weupe. Nikamweleza kwamba statini ni nadra kuyeyusha plaki hadi ikaisha. Zinachofanya ni kupunguza mafuta laini na kuiacha ngumu, tulivu, isiyo rahisi kupasuka. Hilo haliingii kwenye asilimia. Hakuridhika. Alitaka namba ishuke.

Basi nikamwonyesha namba nyingine, iliyoandikwa na muuguzi juu ya karatasi ileile wakati anaingia: presha 152 kwa 94.

"Kama ni namba ya kushusha, hii inashuka," nikamwambia.

Akauliza kwa dawa gani. Hapo nikamrudisha kwa daktari wake.